Bahari Hatuioni, Mvua Yake Inatufikia



Ndugu zangu katika imani, somo la toleo hili linahusu bahari: jinsi inavyoongoza joto, upepo na mvua ya nchi za pwani, na jinsi mkono wake unavyofika mbali kuliko tunavyodhani. Najua baadhi yenu mtauliza, mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu, tena wa Arua, ana nini na bahari? Mimi mwenyewe sijawahi kuiona kwa macho. Lakini nina deni, na ndilo lililonifanya niandike.

Septemba 2019 nilikuwa kidato cha tatu, nipo likizo Koboko kwa mjomba wangu. Mjomba ni mkulima, na Kiswahili chake alikiokota katika biashara ya soko la Ariwara, ng'ambo ya mpaka. Siku moja alisikia redioni kwamba Bahari ya Hindi imepata joto upande wa Afrika, na kwamba mvua huenda zikazidi hadi mwisho wa mwaka. Akaniita. "Mtoto wa dada, wewe umesoma. Hii maneno ya bahari iko kweli?" Nikamjibu bila kufikiri: "Mjomba, bahari iko Mombasa, sisi tuko Koboko. Na mvua ni ya Mungu, si ya bahari." Akafurahi, kwa sababu jibu lilikuwa na sauti ya dini. Pesa alizokuwa ameweka za kununua turubai na mabati ya banda la kukaushia akazitoa, akaongeza mbegu za simsim, yaani ufuta. Desemba kwetu ni kiangazi, akaona ataanika nje kama kila mwaka.

Desemba ile haikuwa kiangazi. Simsim ilikatwa, ikafungwa mafungu, ikaegemezwa kwenye uchaga ikauke, na mvua ikaipiga humo humo mpaka punje zikaanguka matopeni na kuoza. Ada ya binti yake ilikuwa katika simsim hiyo. Muhula ulipofunguliwa mwaka 2020, binamu yangu alibaki nyumbani.

Mjomba hakunilaumu hata siku moja. Alisema, "Mungu ameandika." Ni kweli Mungu ameandika. Lakini jibu lile lilikuwa langu, na nililitoa kwa jina la dini bila elimu. Haya ndiyo niliyopaswa kuyajua.

1. Maji na ardhi havipati joto sawa

Tuanze na jambo ambalo kila mmoja wetu ameliona jikoni. Jua la Januari likiwaka, sufuria tupu iliyoachwa uani saa saba mchana haishikiki kwa mkono. Maji ya mtungi uliokaa karibu nayo bado yana ubaridi. Usiku mambo yanageuka: sufuria inapoa upesi, maji yanapoa polepole.

Sababu ni kwamba maji yanahitaji joto jingi ili yapande nyuzi moja tu, mara nne au zaidi kuliko udongo mkavu wa uzito uleule. Tena jua linapenya ndani ya bahari na mawimbi yanayachanganya maji, hivyo joto linagawanywa katika kina kirefu. Ardhini joto linabaki juu, katika tabaka jembamba. Kwa hiyo bahari ni kama ghala: inapokea joto taratibu, inalitunza, na inalitoa taratibu.

Matokeo yake tazama Mombasa. Mwaka mzima joto la mchana huwa kati ya nyuzi 28 na 33 hivi, na usiku ni nadra kushuka chini ya 20. Huku kwetu Arua, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari na mbali nayo kabisa, siku moja ya Januari inaweza kukutoa jasho adhuhuri na kukutafutisha blanketi alfajiri. Mtu wa pwani hajui baridi ya alfajiri kama yetu, lakini hajui pia ukavu wetu. Hewa yake daima ina unyevu, kwa sababu bahari inatoa mvuke mchana na usiku.

Tofauti hiyo hiyo ndiyo inayozaa upepo wa kila siku. Mchana ardhi inapata moto kuliko bahari, hewa ya juu yake inakuwa nyepesi na kupanda, na hewa ya baharini inaingia kujaza nafasi. Usiku ardhi inapoa kuliko bahari, na upepo unageuka kutoka nchi kavu. Wavuvi wa pwani wanaijua saa hiyo. Hutoka alfajiri wakisukumwa na upepo wa bara, na hurudi mchana tanga likivimba kwa upepo wa bahari.

2. Kaskazi na kusi

Sasa lichukue jambo hilo la mchana na usiku, ulikuze liwe la mwaka mzima, na badala ya ufuo mmoja weka bara zima la Asia. Wakati wa Juni na Julai, Asia inachemka, hewa yake inapanda, na upepo unavutwa kutoka kusi ya dunia, unapita pwani yetu na kuelekea Uarabuni na India. Huo ndio kusi. Kuanzia Novemba au Desemba Asia inakuwa baridi, upepo unageuka, unatoka kaskazini mashariki kuja kwetu. Huo ndio kaskazi, na hudumu hadi Machi hivi. Katikati kuna maleleji, wakati ambapo upepo haujaamua.

Majira ya pwani yamefungwa kwenye mzunguko huo. Kaskazi huleta joto la Januari na Februari. Pepo zinapobadilika, Machi hadi Mei, mvua kubwa za masika hunyesha. Kusi ikishika kasi, Juni hadi Agosti, hali inakuwa ya ubaridi kidogo, ndicho kipupwe. Zinapobadilika tena, Oktoba hadi Desemba, inakuja mvua ya vuli.

Neno lenyewe "musimu" ni la Kiarabu, mawsim, wakati maalumu unaorudi kila mwaka. Mabaharia wa Ulaya walilichukua neno hilo hilo kwa mabaharia Waislamu na kulifanya jina la pepo hizi katika lugha zao. Na haikuwa elimu ya kubahatisha. Ahmad ibn Majid, nahodha wa Julfar aliyeishi karne ya 15, aliandika vitabu vya ubaharia vilivyoeleza nyota, njia na wakati wa kuondoka bandarini.

Ukitaka kujua thamani ya elimu hiyo, tazama safari ya Vasco da Gama. Tarehe 24 Aprili 1498 aliondoka Malindi akiwa na rubani aliyepewa hapo, kusi ikianza, akafika Calicut nchini India tarehe 20 Mei. Hazikufika wiki nne. Kurudi hakungoja msimu. Aliondoka Calicut mwishoni mwa Agosti, upepo ukiwa bado unampinga, na akaiona Malindi tena Januari 1499, mabaharia wake wengi wakiwa wamekufa kwa ugonjwa njiani. Bahari ile ile, merikebu zile zile. Kilichokosekana ni kuuheshimu msimu.

3. Si kila pwani ina mvua

Hapa pana kosa ambalo wengi hulifanya, nami nililifanya: kudhani kwamba aliye karibu na bahari lazima ana mvua nyingi. Mogadishu iko ufuoni kabisa, na hupata chini ya nusu ya mvua ya Arua kwa mwaka. Vipi?

Mvuke peke yake si mvua. Lazima hewa yenye mvuke ipande juu, ipoe, ndipo matone yakusanyike. Katika pwani ya Somalia kusi haiingii barani moja kwa moja. Inapita sambamba na ufuo, ikikimbilia India na mzigo wake wa mvuke. Tena upepo huo unayasukuma maji ya juu ya bahari mbali na pwani, na maji ya chini, ya baridi, yanapanda kuchukua nafasi yake. Bahari ikiwa baridi, hewa iliyo juu yake haipandi. Wenyeji wanaitazama bahari kila siku, na nyuma yao ni nchi kame.

Sasa vuka upande wa pili, Salalah, katika mkoa wa Dhofar nchini Oman. Huko pia maji baridi hupanda wakati huo huo. Lakini nyuma ya mji kuna milima, na upepo wenye unyevu ukipita juu ya maji baridi na kuigonga milima hiyo, unageuka ukungu na manyunyu. Kuanzia Juni hadi Septemba milima inakuwa ya kijani, na watu wa Ghuba humiminika kukimbia joto la kwao. Wanauita msimu huo khariif. Bahari ni moja, upepo ni mmoja, na umbo la nchi limeamua nani apate nini.

Hata kwetu Afrika Mashariki iko hivyo. Amani, katika milima ya Usambara inayotazama bahari, hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Ukishuka upande wa pili wa milima hiyo, unakuta nchi kame ya mkonge na miiba.

4. Bahari inapobadili desturi

Mpaka hapa tumezungumzia desturi ya kila mwaka. Lakini bahari ina miaka yake ya kutoka katika desturi, na hapo ndipo habari ya mjomba ilipo.

Kwa kawaida maji yenye joto zaidi ya Bahari ya Hindi hujikusanya upande wa Indonesia. Huko hewa hupanda, na mvua hunyesha. Upande wetu hewa hushuka zaidi, na vuli huwa ya kiasi. Miaka mingine pepo za karibu na ikweta hugeuka: maji ya Sumatra yanapoa, na maji yenye joto yanasogea magharibi, kwenye pwani ya Kenya, Somalia na Tanzania. Mvua nayo inasogea. Mwaka 1999 wanasayansi waliokuwa wakifanya kazi Japani waliieleza hali hiyo na kuipa jina la ncha mbili za Bahari ya Hindi, kwa sababu ncha moja inapopata joto nyingine hupoa. Huko mbali, El Niño ya Bahari ya Pasifiki nayo mara nyingi huisaidia.

Wazee wa Afrika Mashariki waliiona kabla haijapewa jina. Mwishoni mwa 1961 mvua zilinyesha kupita kiasi, na katika miaka michache iliyofuata Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2. Mwaka 1997 hali hiyo ilikutana na El Niño kubwa, na Kenya na Somalia zilifurika. Mwaka 2019 ncha hizo mbili zilitofautiana kwa kiasi kikubwa sana. Australia ilikauka na kuungua moto, sisi tulilowa. Mei 2020 Ziwa Victoria lilifika kiwango cha mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, juu kidogo ya kile cha 1964. Maji hayo hayakukaa Jinja. Yaliteremka na Nile hadi Ziwa Albert na Pakwach, hapa hapa West Nile, na watu wa kandokando wakahama nyumba zao.

Kinyume chake pia hutokea. Mwaka 2022 ncha ya Indonesia ndiyo iliyokuwa na joto, pamoja na La Niña upande wa Pasifiki, na Pembe ya Afrika ikafikisha misimu mitano mfululizo ya mvua iliyokosekana tangu mwisho wa 2020. Mwaka uliofuata, 2023, gurudumu likageuka tena, na nchi ile ile iliyokauka ikafurika.

5. Je, Arua ina nini na haya?

Hapa nataka kuwa mwadilifu, nisije nikatoka katika kosa moja na kuingia la pili. Si mvua yote ya Arua inayotoka Bahari ya Hindi. Mvua yetu kubwa, ya Agosti hadi Oktoba, hutokea wakati mkanda wa mvua unaofuata jua uko upande wetu, na sehemu kubwa ya unyevu wake huletwa na pepo za magharibi kutoka bonde la Kongo, ambalo misitu yake inanyweshwa na Bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo hata upande huo nyuma yake kuna bahari.

Lakini mwisho wa mwaka, Oktoba hadi Desemba, sauti ya Bahari ya Hindi inasikika zaidi. Ikiwa na joto upande wa Afrika, mvua inaweza kurefuka na kuingia katika siku zetu za kuvuna na kuanika. Hilo ndilo redio ilikuwa ikimwambia mjomba, na mimi nikamfungia mlango.

6. Je, kusema hivi ni kupunguza tauhidi?

Nilipokuwa nikiandaa somo hili, ndugu mmoja aliniuliza: Je, si Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kusema mvua imenyesha kwa nyota fulani? Amekumbusha jambo zito. Hadithi ya Zayd bin Khalid al-Juhani, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, inaeleza usiku wa mvua pale Hudaybiyya, na kwamba anayeinasibisha mvua na fadhila ya Allah ni muumini, na anayeinasibisha na nyota amekufuru.

Wanazuoni walilichambua. Imam Shafi'i katika al-Umm alitofautisha kati ya anayeamini kwamba nyota ndiyo inayotenda, na anayekusudia kutaja wakati tu. Wa kwanza ndiye anayekusudiwa. Wa pili hana ukafiri, ingawa maneno mengine ni bora kwake.

Kuna jambo lililonishangaza zaidi. Fungua Muwatta ya Imam Malik, kitabu cha kuomba mvua. Katika mlango ule ule uliobeba Hadithi ya nyota, mara baada yake, Malik ameweka habari kwamba wingu likizuka kutoka baharini kisha likaelekea Sham, hilo ni chemchemi ya maji mengi. Habari hiyo imekuja kama balagha, yaani hakutaja mlolongo wa wapokezi, na wataalamu wa Hadithi wameizungumzia isnadi yake. Sijengi hukumu juu yake. Lakini mpangilio wake unafundisha. Imam wa Madina hakuona tatizo kuziweka jirani katazo la nyota na habari ya wingu la bahari. La kwanza linakataza kumpa kiumbe kazi ya Muumba. La pili linatazama njia ambayo Muumba ameijaalia.

Qur'ani nayo inatutuma tutazame. Katika al-Baqara aya ya 164, merikebu zinazokwenda baharini, maji yateremkayo kutoka mbinguni na kugeuzwa kwa pepo vinatajwa pamoja, katika aya moja, kuwa ni ishara kwa wenye akili. Katika ar-Rum aya ya 48 tunaelezwa kwamba Allah huzituma pepo, zikayainua mawingu, ndipo mvua ikatoka ndani yake. Anayesema "bahari ni sababu" na anajua nani aliyeiweka sababu hiyo hajapunguza kitu katika imani yake. Mimi niliyesema "mvua ni ya Mungu, si ya bahari" nilisema neno la haki, lakini nililitumia kuficha ujinga wangu.

Na kumbukeni Hadithi ya Anas: Mtume aliomba mvua siku ya Ijumaa, ikanyesha mpaka Ijumaa ya pili, nyumba zikabomoka, mtu akaja kulalamika, na Mtume akaomba iwe pembezoni, isiwe juu yao. Mvua ni rehema, na ikizidi inadhuru. Kuomba na kujiandaa havipingani.

7. Tufanye nini?

Sisi wanafunzi tukirudi nyumbani, watu wanatuuliza. Mara nyingi wanatuuliza mambo tusiyoyajua, na kwa kuwa tuna vitabu mkononi, wanatuamini. Nawaomba mambo matatu. Kwanza, utabiri wa msimu unapotolewa na wataalamu wa hali ya hewa, tuusome na tuueleze kwa lugha ya nyumbani, Kilugbara, Kikakwa, Kinubi au Kiswahili. Pili, tueleze pia kwamba utabiri ni dhana yenye nguvu, si ghaibu. Unasema kinachoelekea zaidi kutokea, na tuseme inshallah kwa kumaanisha. Tatu, tusipojua, tuseme "sijui, nitauliza." Neno hilo lingemwachia mjomba turubai yake.

Mwaka 2023 redio iliposema tena kwamba bahari ina joto, nilimpigia simu mjomba kabla hajaniuliza. Nilimweleza niliyowaeleza hapa, kwa ufupi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi tutafute turubai." Hakutaja 2019. Nami sikuitaja, lakini leo nimeitaja kwenu.

Maswali ya darsa:
1. Kwa nini Mombasa haina baridi ya alfajiri kama Arua?
2. Mogadishu na Salalah zote ziko ufuoni. Eleza kwa nini moja ni kavu na nyingine hupata ukungu na manyunyu.
3. Kuna tofauti gani kati ya kusema "nyota imeleta mvua" na "bahari ni sababu ya mvua"?
4. Nani kwenu nyumbani anategemea kuanika mazao mwisho wa mwaka, na umemwambia nini mwaka huu?

Allah atujaalie mvua yenye manufaa, na elimu yenye manufaa kabla yake. Wallahu a'lam.